Mkono wa Gloire

Jumamosi, 30 Mei 2015. Louisville

Mwalimu wetu wa Kiingereza wa jioni ametuambia kila mmoja aandike siku zake kwa Kiingereza ili kichwa kizoee. Mimi naandika kwa Kiswahili. Kiingereza changu kinashinda cha darasa zima, lakini hakijui kutukana, na leo nina kazi ya kutukana.

Tumefungwa. Na Columbus, nyumbani kwetu, mbele ya mama zetu, saba kwa sita. Kama tungekuwa tumefungwa tangu asubuhi nisingesema kitu, timu mbovu zipo kila mahali. Lakini mpaka mwisho wa zamu ya saba tulikuwa na sita na wao mbili. Besiboli ina zamu tisa. Mtu akiongoza hivyo na zamu mbili tu zimebaki, hata bibi yangu aliyebaki Uvira angemaliza kazi akiwa amekaa kwenye kiti. Sisi zamu ya nane tuliifungulia mlango, tukaikaribisha, tukaipa na chai.

Kwa yeyote anayesoma hapa bila ruhusa: mimi ni Aganze, miaka kumi na tisa, darasa la sita la kambi ya Nyarugusu na chuo kikuu cha kujua kila kitu. Timu yetu inaitwa Radi. Ni ya vijana wa kanisa letu la Wakongomani hapa Louisville. Kanisa lina matawi Columbus na Buffalo, na kila kiangazi tunacheza sisi kwa sisi mpaka kongamano la Agosti, ambako mshindi anapewa kombe. Watu wananiuliza kwa nini si soka. Kwa sababu viwanja vya soka vya mtaa wetu walikwisha kuvichukua Wabosnia na Wasomali, na kwa sababu shemasi Byamungu, kocha wetu, anafanya kazi kwenye karakana ya magongo ya besiboli. Anatuletea yale yaliyochongwa vibaya. Timu nzima inapiga kwa magongo yenye kasoro, na matokeo ndiyo hayo.

Mimi sichezi. Mtu mwenye macho kama yangu ni lazima akae pale anapowaona wote. Kazi yangu ni kupiga mfuniko wa sufuria ya mama kwa mwiko wa bugali na kusema ukweli kwa sauti.

Mtupaji wetu ni kaka yangu Gloire. Nyumbani namwita yaya, ndivyo sisi wa Kivu tunavyomwita mkubwa wetu, ingawa Lucas, Mtanzania wetu pekee kwenye timu, hucheka mpaka anatoa machozi kwa sababu kwao yaya ni msichana wa kubembeleza watoto. Acha acheke. Mkono wa kulia wa yaya Gloire, mpira ukitoka pale unalia hewani. Mkono huohuo ndio unaonyanyua maboksi kwenye bohari ya vifurushi tunakofanya kazi wote wawili, na ndio unaotulisha, mama na sisi, maana mimi bohari imenipa nusu ya saa zake. Nadhani wanaogopa nikiwa pale siku nzima nitakuwa meneja.

Lakini leo zamu ya nane mkono ule ukaanza kutupa kama mtu anayewamwagia kuku mahindi. Nikampigia kelele: Yaya, unatupa au unasalimia? Uwanja wote ukacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 31 Mei

Mama amechukua mfuniko wake. Anasema umepinda.

Alhamisi, 4 Juni

Mvua. Mazoezi hakuna. Yaya hasemi na mimi. Nimemwambia mtu akifungwa aseme na wanaojua mchezo, ndiyo dawa. Ameongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 6 Juni

Nyarugabo ameteguka kifundo cha mguu. Nyarugabo ndiye mtupaji wetu wa pili, yaani ndiye aliyekuwa anampumzisha Gloire kwenye mazoezi. Alikuja na viatu vya kanisani kwa sababu vile vya mchezo vililowa mvua ya juzi. Viatu vya ngozi, vya kung'aa, na nyasi mbichi. Aliteleza kama sabuni. Nilipiga makofi kwanza, nikidhani amefanya makusudi ili tucheke.

Bon. Sasa mtupaji ni mmoja. Byamungu amesema Gloire atatupia wote kwenye mazoezi, kila jioni baada ya kazi. Lucas, ambaye anasoma chuo na anapenda kutukumbusha, akasema mkono wa mtupaji unahitaji kupumzika na kuwekwa barafu. Byamungu akamtazama kama mtoto aliyeuliza kama ng'ombe anataga.

"Barafu ni ya samaki," akasema.

Nilicheka sana. Ninaandika hapa kwamba nilicheka.

Jumamosi, 13 Juni. Columbus

Basi la kanisa, kiyoyozi kimekufa, mama watatu wa kwaya na sufuria zao. Uwanja uko Westerville, kwenye nyumba safi na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha askari. Columbus wanajiita Chui. Wana sare mpya. Sisi jezi zetu zina namba zilizoshonwa na mama Sylveri, na saba yake inafanana na moja.

Tumefungwa, tano kwa nne. Zamu gani? Jibu unalo. Ya nane.

Na Sylveri amevunjika kidole. Sylveri ndiye mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya Gloire. Mpira ulikuja chini, akaweka mkono usio na glavu. Ferdinandi akaenda kudaka badala yake, na Ferdinandi anadaka akiwa amefumba macho. Mipira ikawa inapita, watu wa Columbus wanakimbia vituo vya uwanja, ndiko pointi zinakotoka, kama wanakwenda sokoni.

Ndani ya basi nikasimama kutoa uchambuzi. Nikasema timu yetu ni kama gari la mitumba, kila juma kinadondoka kitu, ila dereva hataki kukubali kwamba na injini imechoka. Wote wakajua injini ni nani. Gloire alikuwa dirishani. Akasema, bila kugeuka, "Mudogo, njoo wewe utupe."

Nikakaa. Nilikuwa nimechoka kwa kupiga kelele.

Jumanne, 16 Juni

Joto. Hata kivuli kinatoka jasho.

Jumapili, 21 Juni

Mama anamkanda yaya bega kila jioni kwa taulo la maji ya moto na chumvi. Anamkanda kama unga wa mandazi. Yaya anauma shati. Lucas alipita, akaona, akafungua mdomo. Mama akampa sambusa, akafunga.

Nimemwambia yaya aende kwa daktari. Akasema akienda kwa daktari atapewa karatasi ya kusema asinyanyue vizito, na mtu asiyenyanyua vizito bohari inamfanyia nini? Nikasema basi apunguze kutupa. Akasema akiacha kutupa, nani atamwambia Byamungu, mimi? Nikasema ndiyo, mimi simwogopi mtu.

Sijamwambia.

Jumamosi, 27 Juni

Mechi imeahirishwa, mvua ya mawe. Ferdinandi, akikimbia kuingia kwenye gari, amejigonga goti kwenye mlango. Hata tusipocheza tunaumia.

Jumamosi, 4 Julai

Fataki za uhuru wao mtaani, zinalia kama bunduki. Mama amekaa bafuni na redio mpaka zilipokwisha. Gloire amekaa naye sakafuni, mimi mlangoni nikisimulia vichekesho. Mama alicheka kimoja.

Jumamosi, 18 Julai. Louisville

Tumeshinda! Naandika tena: tumeshinda. Tumewafunga Buffalo tatu kwa mbili. Hao wa Buffalo wanajiita Nyati na wote wana mashavu. Zamu ya nane ilipofika nilifumba macho, nikapiga mfuniko (niliuiba tena) bila kuangalia, na nilipofumbua, mtu wao wa mwisho alikuwa anatembea kurudi kwenye benchi, gongo linaburuzika. Zamu ya tisa hivyohivyo. Gloire aliwatupia mipira ambayo hata mimi sikuiona, na mimi naona kila kitu. Nilivuka uzio. Nikambeba. Yaani nilijaribu kumbeba. Nilipomshika bega la kulia alitoa sauti ndogo, kama mlango.

Shemasi Byamungu alipiga magoti katikati ya uwanja. Ni mtu mkubwa, mabega ya kabati, ameshuka pale kwenye vumbi na suruali yake nzuri, analia.

Jioni mama alipika bugali na samaki na kila mtu aliyepita alikaribishwa. Tukanawa. Tukazunguka sahani. Na Gloire akaanza kula kwa mkono wa kushoto.

Mtu asiyetoka kwetu hataelewa. Nyumbani kwa mama yangu mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani. Nikiwa mdogo nilipigwa kwa mwiko kwa kosa hilo hadi nikawa nakalia mkono wangu ili nisisahau. Yaya alimega bugali kwa kushoto, taratibu, akachovya, akala, mbele ya wageni, na mama alimwona. Nilisubiri. Mama akasogeza bakuli la samaki upande wake wa kushoto ili alifikie vizuri, akaendelea kuongea na wageni.

Hapo ndipo nilipojua mkono ule umekwisha.

Sikula tena. Watu wakafikiri nimeshiba ushindi.

Jumatatu, 20 Julai

Leo bohari nilimchungulia. Anasukuma boksi kwa goti, analiinua kwa kushoto, mkono wa kulia anauweka juu tu, kama mtu anayembariki mtoto. Msimamizi akipita, anacheka naye, anasema sijui nini kuhusu joto. Msimamizi akiondoka, anaegemea ukuta.

Mwezi mzima nilikuwa nasema amechoka moyo. Nilisema hivyo kwa sauti, na mfuniko wa sufuria.

Jumamosi, 25 Julai

Tumefungwa na Columbus, hapahapa, tisa kwa tatu. Zamu ya nane tulikuwa tumeshazikwa, hapakuwa na cha kuharibu. Sikupiga mfuniko. Watu wakauliza kama Aganze anaumwa. Hata mimi nimo kwenye orodha ya majeruhi.

Jumatano, 29 Julai

Nimemwambia Byamungu. Nilimfuata nje ya kanisa, nikatoa kofia, nikamwambia kwa heshima zote nilizonazo, ambazo si nyingi: Papa shemasi, mkono wa yaya umekwisha. Akauliza kama Gloire ndiye aliyenituma. Nikasema hapana. Akasema kama Gloire hajasema, basi Gloire anaweza. Akaniwekea mkono kichwani akaniombea, pale kwenye maegesho, kwa sauti, mpaka watu wakasimama kutazama.

Jumapili, 9 Agosti

Tangazo baada ya ibada. Byamungu alisimama mbele ya kanisa akawataja majeruhi wetu kama anawataja marehemu. Kifundo cha Nyarugabo, kidole cha Sylveri, goti la Ferdinandi, Lucas aliyepigwa na mpira mdomoni juma lililopita, bega la Gloire. Akasema timu ya kawaida haiumii hivi. Kuna kitu kinatupiga ambacho hakionekani, na kitu kama hicho hakitibiwi kwa barafu. Donc, kwa hiyo, timu nzima itafunga kabla ya mechi ya kombe na Buffalo, kule kongamanoni, kuanzia Alhamisi, bila chakula na bila maji, mpaka mpira wa mwisho utakapotupwa Jumamosi. Tukimaliza tutakula pamoja, tukiwa na kombe.

Kanisa likasema amina. Mama akasema amina. Lucas, aliye Mkatoliki na mgeni, akanong'ona kwamba kwao hata Kwaresima maji wanakunywa.

Nikasimama. Sijawahi kusimama kanisani bila kuitwa. Nikasema, shemasi, mtu hawezi kutupa mpira juani kwa zamu tisa bila maji. Byamungu hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Alisema kwa upole kwamba mwaka tisini na sita, alipokimbia na watoto wawili porini, walikaa bila kula na bila kunywa, akaomba, na watoto wote wawili leo wako Kentucky, mmoja anasoma uuguzi. Akaniuliza: "Sasa wewe, Aganze, unataka nimwambie Mungu kwamba safari hii tutatumia akili?"

Nilikaa.

Alhamisi, 13 Agosti

Mfungo umeanza. Mimi si mchezaji, lakini Byamungu amesema mashabiki pia. Asubuhi nimekula mikate minne bafuni.

Ijumaa, 14 Agosti. Buffalo

Safari nzima mto na ziwa, na hakuna aliyekunywa tone. Midomo ya watu imepasuka kama udongo. Mimi kila basi liliposimama kujaza mafuta nilikwenda chooni, na choo cha kituo cha mafuta kiko karibu na kuku wa kukaanga. Nilirudi nikajifuta. Sylveri akasema nanukia. Nikamwambia njaa inamfanya aote.

Wachezaji wamegawiwa kwenye nyumba za watu. Gloire, Lucas na mimi tumelala Amherst kwa dada wa Lucas, Winifrida, aliyeolewa huko. Nyumba yenye magari mawili na kapeti ambalo unaogopa kulikanyaga. Alikuwa amepika pilau, nyama, kachumbari. Kaka yake akamweleza habari ya mfungo, na yule mama akabaki na mwiko hewani.

"Mgeni amefika kwangu kutoka Kentucky halafu alale na njaa?" akauliza. "Mnataka majirani zangu waniitaje?"

Gloire akamshukuru vizuri sana, akasema atakula kesho. Akaenda kulala. Lucas akamfuata, kwa aibu tu. Mimi nilibaki mezani kulinda heshima ya nyumba.

Jumapili, 16 Agosti. Louisville

Ya jana naiandika leo. Nitaandika yote.

Asubuhi ya mechi Winifrida alinipa mfuko wa mayai ya kuchemsha. Akasema hatamkubalia mtu atoke kwake mikono mitupu, mfungo au si mfungo, na kama yule kijana wa bega ana akili atakula mawili garini. Nilimpelekea yaya chumbani. Alikuwa amekaa kitandani anajaribu kuvaa jezi; mkono wa kulia haukupita. Nikamvalisha kama mtoto.

Nikamwambia ale. Nikamwambia mimi nimekula tangu Alhamisi na mbingu haijaanguka. Akacheka kidogo, akasema hilo alijua, nanukia kuku. Nikamwambia hakuna atakayejua. Akasema:

"Tukishindwa watatafuta aliyekula. Watamtafuta mpaka wampate. Nataka wakinitazama machoni wasikute kitu."

Nikamwambia basi asitupe. Akasema, atatupa nani?

Alipoinama kufunga viatu, niliuingiza ule mfuko wa mayai kwenye begi lake, chini ya glavu. Nikajisemea kwamba njaa ikimshika katikati atalikumbuka begi. Hayo ndiyo mawazo yangu, mwenye macho ya kuona kila kitu.

Uwanja uko Riverside, karibu na mto. Maji yanapita pale, mapana, ya bluu, na watu wetu wanayatazama kama wafungwa. Jua lilikuwa kichwani tangu mwanzo. Zamu ya tatu Ferdinandi alitapika, na hakuwa na kitu cha kutapika. Zamu ya tano Lucas alikaa chini kwenye kituo cha pili, mwamuzi akadhani anachelewesha mchezo. Lakini tulikuwa tunaongoza. Gloire alikuwa anatupa, sijui kwa kutumia nini. Hakuwa anatupa kwa bega tena, alikuwa anajirusha mwili mzima na mkono unafuata nyuma kama kamba.

Zamu ya nane ilikuja na ikapita. Hatukufungwa. Nilishangaa mpaka nikaogopa. Nne kwa tatu.

Zamu ya tisa sisi hatukupata kitu, wakaingia wao kupiga. Wawili wa kwanza akawatoa. Alibaki mmoja ili twende nyumbani na kombe. Wa tatu alipiga mpira mbovu akafika kituo cha kwanza. Wa nne Gloire akamkosa kabisa, mipira minne nje, yule mpigaji akatembea kwenda kituo cha kwanza na mwenzake akasogea cha pili. Sylveri, ambaye alikuwa anadaka na kidole chake kimefungwa kijiti, alimwendea Gloire akamwambia kitu. Gloire akatikisa kichwa. Byamungu alikuwa amesimama, mikono juu, macho yamefumbwa, midomo inakwenda. Nikamwita. Nilimwita kwa jina bila papa wala shemasi, nikamwambia amtoe. Hakusikia. Nikachukua mfuniko nikaupiga, nikaupiga, si kwa kushangilia.

Gloire akatupa. Nilisikia. Watu wa karibu yangu wanasema hawakusikia kitu, lakini mimi nilisikia mlio, kama mtu anayevunja muwa. Mpira ulikwenda polepole, mzuri, mkubwa kama nanasi, na Nyati wao mmoja mwenye mashavu akaupiga mpaka kwenye miti. Wawili waliokuwa vituoni wakakimbia mpaka kituo cha nyumbani. Tano kwa nne.

Wa Buffalo hawakushangilia kwa muda mrefu, kwa sababu Gloire alikuwa amelala chini.

Walimmwagia maji. Akanywa, mpira wa mwisho ulikuwa umekwisha kutupwa, ilikuwa halali. Mama wa Buffalo wakatupakilia sufuria za sombe ya majani ya mihogo, samaki na wali nyuma ya basi, zile za sherehe. Wakataka kumpeleka hospitali pale. Gloire akakataa, akasema atakwenda ya kwetu. Tukaondoka mchana huohuo, kila mtu na kiti chake, hakuna wimbo.

Tulikuwa tumelifikia ziwa wakati Byamungu alisimama mbele akasema hatutafungua sufuria kwanza. Sauti ilikuwa imemkauka. Alisema tumefunga kwa unyofu na tumeangushwa kwa mpira mmoja, na Mungu si mtu wa kuangusha watu kwa mpira mmoja bila sababu. Kama kuna aliyevunja mfungo, aseme, tuombe pamoja, tule. Hakuna aliyesema. Harufu ya sombe ilikuwa inatembea kwenye viti. Mimi nilitazama nje. Nasema tu kilichotokea: nilitazama nje.

Basi likapita kwenye shimo, Gloire akatoa ile sauti ya mlango. Byamungu akamjia amfunge mkono vizuri. Akauliza taulo liko wapi, akafungua begi la Gloire, akavuta glavu, na mfuko ukatoka nao. Yai moja likaanguka. Likabingirika kwenye njia katikati ya viti, taratibu, kila mtu analifuata kwa macho, mpaka likagonga kiatu cha Sylveri.

"Gloire," Byamungu akasema. "Wewe?"

Yaya alinitazama. Mara moja tu, halafu akatazama ziwa. Angesema jina langu ingekuwa imekwisha, na hakulisema.

Sylveri akaliokota lile yai. "Donc sisi tulikuwa tunakufa kwa kiu," akasema, "na wewe ulikuwa na chakula."

Nikaona jinsi itakavyokuwa. Niliona mwaka mzima: Gloire ndiye aliyekula, Gloire ndiye aliyepigwa mkono na Mungu. Mama amekaa kanisani na watu wameacha nafasi pande zote mbili.

Nikasimama kwenye kiti.

"Mayai ni yangu," nikasema. "Na si mayai tu. Alhamisi nilikula mikate. Ijumaa nilikula kuku kwenye kila kituo cha mafuta cha Ohio. Usiku pilau ya Amherst, sahani mbili, na kachumbari. Nimekula mpaka nikachoka kutafuna. Huyu hakumeza hata mate. Sasa, papa shemasi, kama Mungu anampiga aliyekula, mbona mkono wangu huu hapa?"

Nikauinua mkono wa kulia juu, mpaka ukagusa dari la basi. Nikauzungusha waone.

Nyarugabo akasema nishushwe palepale barabarani. Mtu mwingine akasema ndiyo. Mama mmoja wa kwaya akaanza kulia. Byamungu alibaki amesimama na taulo, anatazama mkono wangu, kisha wa Gloire uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Akakaa kwenye kiti cha karibu, akaweka taulo usoni.

Ndipo Gloire akaniambia, "Mudogo. Nipe moja."

Nililichukua kutoka mkononi mwa Sylveri. Hakunizuia. Gloire akanyoosha mkono wa kushoto, lakini mtu hawezi kumenya yai kwa mkono mmoja. Nikaketi karibu yake nikalimenya, ganda lote, na ile ngozi nyembamba pia, nikampa. Akala mbele ya wote, kwa mkono wa kushoto, akitafuna polepole. Nikamenya la pili. Alipofika la tatu nilisikia nyuma mfuniko wa sufuria unafunguliwa.

Byamungu hakula. Mpaka Louisville hakula.

Jumatano, 19 Agosti

Daktari amesema kitu ndani ya bega kimechanika, na kimekuwa kikichanika tangu zamani. Watampasua bega. Nilikuwa mkalimani. Nilitafsiri kila neno, hata yale ambayo yaya aliniambia kwa macho niyaache.

Ijumaa, 21 Agosti

Bohari imemshukuru Gloire kwa utumishi wake. Na mimi wamenipa saa zote. Hata sikucheka.

Jumapili, 30 Agosti

Kanisani nimewekwa benchi la nyuma mpaka watakaponiambia. Watoto wananiita Yai. Mama wa Ferdinandi alisema, mimi nikisikia, kwamba kombe lingekuwa letu kama si tumbo la mtu mmoja. Nikamwamkia. Timu ikishindwa inahitaji mtu wa kumlaumu, na kwangu mimi wamepata mwenye mabega mazima. Mama yangu alikuja kukaa nyuma na mimi. Amekaa kulia kwangu, Gloire kushoto. Benchi limejaa.

Jumamosi, 5 Septemba

Leo mchana mlango umegongwa. Shemasi Byamungu, amevaa viatu vya Jumapili, peke yake. Tangu basi lile hajasema nami neno. Mkononi alishika mfuko wa barafu, ule mkubwa wa kituo cha mafuta. Joto bado ni kali, na kutoka kituo mpaka kwetu alikuwa ametembea, nusu yake imeshakuwa maji. Yanatiririka kwenye suruali, yanaingia kwenye viatu. Alinyoosha ule mfuko tu.

Nilikuwa na maneno tayari. Juni nzima niliyacheka, Agosti nzima niliyanoa, yalikuwa manne tu, yale ya samaki, na yalikuwa yake mwenyewe. Nilifungua mdomo. Nyuma yangu kwenye kochi Gloire alikuwa amekaa na bega lake limefungwa, anangoja kusikia nitakachosema.

"Karibu, papa," nikasema. Nikapokea barafu.

Yale mengine nimeyameza. Ndio mfungo wangu wa kwanza mwaka huu, na sikumwambia mtu.